Jina la Utoto la Mtoto wa Kiume katika Pwani ya Waswahili: Nani Alilichagua, na kwa Ndimi za Nani?

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya jina la utoto, yaani jina la mapenzi ambalo mtoto wa kiume wa Kiswahili hupewa na watu wa nyumbani pembeni mwa jina lake rasmi. Tafiti nyingi za majina ya Kiswahili hujikita katika maana ya neno: Juma ni siku, Baraka ni neema, Mashaka ni dhiki. Makala yanadai kuwa katika uteuzi wa jina la utoto maana ya neno ilikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa mahusiano ya watu watakaolitamka jina hilo kila siku: nani haruhusiwi kutaja jina rasmi, nani tayari analo jina hilo hilo, na nani ana haki ya kumwita mtoto. Ushahidi unatolewa katika tarehe za Kilwa na Pate, umbo la majina yenyewe, na majina waliyopewa watu waliotumwa. Mwisho makala yanaeleza jinsi daftari la serikali lilivyobadili hadhi ya jina hili, na yanapendekeza namna ya kulihifadhi katika utafiti.

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa onomastiki anayeanza kukusanya majina ya Kiswahili huwa na jedwali lenye safu mbili: jina na maana. Jedwali hilo lina faida zake. Kitabu cha Sharifa Zawawi kiitwacho What's in a Name? Unaitwaje?, kilichotoka mwaka 1993, kimewasaidia wazazi na wasomi wengi kwa kuorodhesha majina pamoja na maana zake. Hata hivyo, jedwali la safu mbili linapotumiwa kueleza jina la utoto, huacha nje jambo lililomfanya mtu alichague jina hilo na kuacha mengine. Watoto wawili wanaweza kuitwa Babu katika mtaa mmoja, mmoja kwa kuwa amepewa jina la babu yake, na mwingine kwa kuwa alizaliwa na uso uliokunjamana kama wa mzee. Neno ni moja, maana ya kamusi ni moja, lakini sababu ni mbili, na historia zake ni mbili.

Hoja ya makala haya ni kwamba jina la utoto lilichaguliwa ili litamkike, na si ili lifasiriwe. Kwa hiyo swali la kwanza la mtafiti liwe: nani angelitamka, na kwa nini hakuweza au hakutaka kulitamka jina rasmi? Kuhusu mtoto wa kiume swali hili lina uzito wa pekee. Jina lake rasmi ndilo linaloingia katika mfululizo wa nasaba, fulani bin fulani bin fulani, na ndilo ambalo mara nyingi hurudisha jina la babu. Kadiri jina rasmi linavyobeba heshima ya wazee, ndivyo linavyokuwa gumu kutumiwa kumwita mtoto anayetambaa.

2. Istilahi: utoto, utani na lakabu

Kiswahili cha leo kimezoea kuita kila jina lisilo rasmi "jina la utani". Matumizi haya yanaeleweka, lakini yanafunika tofauti ya msingi. Utani ni uhusiano. Una pande mbili zinazojulikana, una haki na mipaka, na hufanywa na watu wanaoweza kujibizana. Mtoto wa siku tatu hana mtani anayeweza kumjibu. Jina analopewa na bibi yake halitoki katika utani bali katika ulezi.

Lakabu nayo, kama ilivyoingia kutoka Kiarabu, ni sifa anayopewa mtu kwa tendo au tabia iliyokwisha kuonekana. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman akijulikana kwa jina la Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake. Jina la namna hii hungoja matendo. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, alilipata jina hilo katika safari za bara akiwa mtu mzima, kutoka kwa watu aliowaendea. Katika mifano yote miwili jina linakuja baada ya habari za mtu.

Jina la utoto hutangulia habari. Ndiyo maana makala haya yanalitenga na jina la utani, lakabu, na pia jina la kupanga, ambalo mtu hujichagulia mwenyewe. Katika desturi za pwani, mtoto huadhiniwa anapozaliwa, akika hufanywa kwa kawaida siku ya saba, na siku ya arobaini hukamilisha kipindi cha uzazi. Lakini watu wa nyumbani hawakai kimya wakingoja. Mkunga, bibi, shangazi na ndugu wadogo wanahitaji neno la kumwitia mtoto tangu siku ya kwanza. Neno hilo ndilo jina la utoto, linalotofautishwa na jina la ukubwani.

3. Nyumba na ndimi zake

Sababu tatu zinaeleza kwa nini nyumba ilihitaji jina la pili.

Ya kwanza ni heshima. Mkazamwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Mtoto wake wa kiume anapopewa jina la huyo babu, mama hujikuta na mwana ambaye jina lake halimtoki mdomoni. Amwiteje? Awezaje kumkaripia, kumwogesha au kumtuma dukani kwa jina la mkwewe? Hapo ndipo yanapoingia majina kama Babu, Baba, Bwana, Mzee au Mkubwa. Msikilizaji wa nje huyaona kuwa mzaha wa kumkuza mtoto, lakini ndani ya nyumba ni njia ya kutunza adabu. Kwa kumwita mwanawe Babu, mama anamheshimu mkwewe mara mbili: halitaji jina lake, na wala hamsahau. Babu naye humwita mjukuu somo au wajina wake. Mtoto mmoja huyo ana majina matatu, na kila moja linaonyesha mtamkaji amesimama wapi.

Ya pili ni hifadhi. Hofu ya kijicho na husuda ilifanya sifa za wazi kwa mtoto mchanga ziogopewe. Katika nyumba iliyokwisha kuzika watoto, jina lenye kung'ara lilionekana kuwa mwaliko wa maafa. Majina kama Mashaka, Tabu, Shida na Kombo hayakuwa matusi wala laana. Kombo, jina lililoenea Unguja na Pemba, latokana na neno lenye maana ya kupinda au kasoro. Mzazi anayemwita mwanawe Kombo anamwambia hasidi kwamba hapa hapana cha kuhusudu. Msikilizaji anayekusudiwa si mtoto wala ndugu, bali ni yule asiyetakiwa karibu na kitanda.

Ya tatu ni kutofautisha. Majina rasmi ya Kiislamu yaliyopendwa ni machache ukilinganisha na wingi wa wanaume waliohitaji kuitwa. Katika ua mmoja huweza kuwamo Muhamadi watatu: babu, mjukuu na mtoto wa ami. Watu hawakuweza kuishi kwa kuitana kwa nasaba kamili, hivyo kila Muhamadi alihitaji jina lake la nyumbani.

Sababu hizi tatu zinaonyesha pia nani aliyekuwa na usemi. Jina rasmi lilikuwa mikononi mwa baba, babu na mwalimu. Jina la utoto lilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wanawake na watoto, kwa kuwa wao ndio waliokaa na mtoto na kumwita mara nyingi zaidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandiko yake ndiyo kiini cha Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alianza maelezo yake ya maisha na mambo ya uzazi na ulezi. Mpangilio huo unakumbusha kwamba historia ya Mswahili inaanzia chumba cha uzazi, mahali ambapo mwandishi wa nasaba hakuingia.

4. Ushahidi wa tarehe

Kama jina la nyumbani lilikuwa la wanawake na watoto, je, limeacha alama katika maandishi ya wanaume? Limeacha, na pahala pasipotarajiwa: katika orodha za wafalme.

Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu na kuchapishwa na Arthur Strong mwaka 1895, inampa mwanzilishi wa ufalme nasaba ya Kiarabu, kisha inamtaja kwa lakabu ya Kiswahili yenye maana ya nguo nyingi, ikihusishwa na nguo alizotoa kukipata kisiwa. Hili si jina la utoto. Umuhimu wake ni kuonyesha kwamba mwandishi aliyechagua Kiarabu kwa ajili ya nasaba alilazimika kurudi kwenye Kiswahili alipotaka kusema watu walimwitaje mtu huyo. Jina la kuandika na jina la kuita lilikuwa na lugha mbili.

Habari za Pate zinatupa ushahidi mpana zaidi. Inasimuliwa kuwa maandishi ya asili yalipotea Witu iliposhambuliwa na Waingereza mwaka 1890. Nakala zilizotumiwa na Stigand mwaka 1913 na Alice Werner mwaka 1914 zinategemea kumbukumbu za mzee wa ukoo wa Nabahani. Jina lake la nasaba ni Muhammad bin Fumo Omari, lakini takriban kila anayemtaja humwita Bwana Kitini. Mtunza nasaba wa Pate anajulikana kwa jina lisilokuwamo katika nasaba.

Orodha yenyewe imejaa majina ya namna hiyo. Yumo Bwana Tamu Mkuu, na baadaye Bwana Tamu Mtoto. Yumo Fumo Madi, ambaye kwa nasaba ni Muhammad bin Abubakari. "Fumo" na "Bwana" ni majina ya cheo, lakini "Tamu" na "Madi" hayawezi kuelezwa kwa cheo. "Tamu" ni neno la kawaida la Kiswahili, neno la mapenzi, ambalo hakuna hati ya kidini inayolihitaji. Lilipotumika kwa mtawala wa pili, watu hawakurudi kwenye jina lake la Kiarabu ili kumtofautisha na wa kwanza. Walilishikilia lile lile wakaliongezea Mkuu na Mtoto. Utaratibu huu ni ule ule wa uani tuliouona katika sehemu ya tatu, isipokuwa hapa umepanda hadi kwenye kiti cha ufalme. Mtu akiitwa Mtoto hali ni mtawala, neno hilo halipimi umri wake. Linahifadhi nafasi yake mbele ya wajina wake aliyemtangulia.

Watunzi wa tenzi nao wako katika hali hiyo. Bwana Mwengo bin Athumani, anayehusishwa na Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, ana jina lisilo la Kiarabu likifuatwa na jina la baba lenye asili ya Kiarabu. Muhammad bin Abubakari wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, mwandishi stadi aliyewanakilia miswada Werner, Hichens na Dammann, anajulikana kwa jina la Kijumwa au Kijuma, lenye umbo la kudogosha. Anayetafuta kazi zake katika maktaba kwa jina la nasaba pekee atakutana na Muhammad bin Abubakari wengi. Anayemtafuta kwa jina la Lamu atampata.

5. Umbo la jina

Isimu inatoa ushahidi wa aina nyingine. Kwanza, upatanisho wa kisarufi. Kombo kama nomino ya kawaida haipo katika ngeli ya watu, lakini Kombo mtu husemwa "Kombo amefika". Kitini ana umbo la ki-, lakini "Kitini amesimulia". Jina la utoto hubeba umbo la neno la nyumbani na kulitia katika ngeli ya binadamu bila kulibadili. Kiambishi ki- hapa hakidharau. Kinafanya kazi ya mapenzi, kwa kumweka mtoto katika udogo unaostahili kulindwa.

Pili, ukataji. Majina ya asili ya Kiarabu yalipokatwa kwa ajili ya kumwita mtoto, mwelekeo mmoja ulihifadhi mwisho wa neno: Muhamadi akawa Madi, Abdula akawa Dula, na kwa upande wa wasichana Hadija akawa Dija. Kinachobaki ni silabi yenye mkazo pamoja na ile ya mwisho. Hivyo ndivyo pia mtoto anayejifunza kusema anavyotamka maneno marefu: huacha silabi za mwanzo zisizo na mkazo na kushika zile zinazosikika zaidi. Kwa hiyo si ajabu kama mengi ya majina haya yalizaliwa vinywani mwa kaka na dada wadogo, kisha watu wazima wakayafuata.

Mwelekeo mwingine, ulioenea sana mijini leo, huhifadhi mwanzo: Ramadhani ni Rama, Selemani ni Sele, Ibrahimu ni Ibra. Huu ni ukataji wa mtu anayeliona jina limeandikwa na kulisoma kutoka kushoto. Mielekeo yote miwili ipo sasa na haifukuzani. Lakini Madi, jina lililomo katika Habari za Pate, linathibitisha kuwa ukataji wa kuhifadhi mwisho ulikuwapo kabla ya shule na daftari. Kwa maneno mengine, umbo la jina la utoto linaweza kutuambia kama lilizaliwa masikioni au machoni.

6. Jina linapotolewa na mmiliki

Hoja kwamba jina la utoto huchaguliwa kwa kuzingatia mahusiano haitakuwa na nguvu kama itataja mahusiano ya upendo pekee. Katika karne ya 19, watu waliotekwa bara na kuletwa pwani, wengi wao wakiwa watoto, walipewa majina mapya na waliowamiliki. Feruzi, Almasi, Marijani, Mabruki na Baraka yalikuwa miongoni mwa majina hayo. Ukitumia jedwali la safu mbili utayaona ni majina mazuri kupita kiasi: vito, marijani ya baharini na neema.

Tuulize tena swali letu. Nani aliyatamka? Aliyeyatamka ni mwenye nyumba, akimwita mtu asiyekuwa na bibi wa kumpa jina jingine pale alipo. Jina la utoto la mtoto mwungwana lilikuwa la pili, likiegemea jina la nasaba. Jina la Feruzi lilikuwa la kwanza na la mwisho, kwa sababu bin wake ilikuwa imekatwa. Uzuri wa maana haukumwinua aliyeitwa. Kwa upande wa pili, Kombo, jina la kasoro, lilimzungushia mtoto ulinzi wa ukoo mzima.

Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Baada ya hapo kubadili jina kulikuwa mojawapo ya njia za kubadili nafasi katika jamii. Mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alizaliwa akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, na ndilo lililobaki. Ingawa mfano huu ni wa mwanamke, unatufundisha jambo linalohusu pande zote: jina la utoto laweza kuachwa pale tu wanapopatikana watu wengi wa kutosha walio tayari kulitamka jipya.

7. Daftari

Utawala wa kikoloni ulihitaji jina lisilobadilika kwa kubadilika mtamkaji. Kodi ya nyumba iliyotozwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1898, madaftari ya shule, hati za ajira na baadaye vyeti vya kuzaliwa vilitaka mtu awe na jina moja mbele ya kila karani. Kwa Tanganyika mpangilio uliozoeleka ukawa wa majina matatu: la mtu, la baba na la babu.

Mambo mawili yalifuata. Kwanza, majina mengi ya utoto hayakupata safu, hivyo yakabaki midomoni na kufa pamoja na wenye midomo hiyo. Pili, na hili halijasemwa vya kutosha, mengine yaliingia daftarini kama majina rasmi, kwa kuwa mtoto alipoulizwa jina alitaja lile analoitwa. Mashaka wa nyumbani akawa Mashaka wa shule. Mwanawe akaandikwa kwa baba Mashaka, na mjukuu akalichukua kama jina la ukoo. Neno lililokusudiwa kumficha mtoto mmoja dhidi ya husuda kwa miaka michache limegeuka alama ya kudumu ya watu wasiojua lilitoka wapi. Leo mjukuu huyo huambiwa na wenzake kuwa jina lake ni baya, na wengine hulibadilisha kwa kiapo. Hawalikatai jina la babu yao kwa haki. Wanakataa maana ya kamusi ambayo babu mwenyewe hakuitwa kwayo.

8. Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa jina la utoto la mtoto wa kiume lilichaguliwa kwa kuwatazama watamkaji wake: mkazamwana asiyeweza kumtaja mkwewe, hasidi anayetakiwa apite, wajina waliojaa ua mmoja, na ndugu wadogo wenye ulimi ambao haujakomaa. Tarehe za Kilwa na Pate zinathibitisha kuwa majina ya kuita yaliishi kando ya majina ya kuandika hata miongoni mwa watawala, na majina ya watumwa yanathibitisha kuwa uzuri wa maana pekee hauelezi thamani ya jina.

Kutokana na hayo kuna mapendekezo mawili. Kwa wahakiki wa miswada na watunza maktaba, jina kama Mwengo, Kitini au Kijumwa lisisukumwe pembeni kana kwamba ni nyongeza ya jina "halisi" la Kiarabu; liorodheshwe kwa hadhi sawa, pamoja na tahajia zake zote. Kwa wanafunzi wanaokusanya majina, jedwali liongezwe safu tatu: nani alilitoa jina, nani alilitumia, na nani hakuruhusiwa kulitumia. Safu hizo haziwezi kujazwa kwa kamusi. Zinajazwa kwa kuwauliza wazee, hasa wanawake waliolea, wakati bado wanakumbuka walimwita nani Babu, na kwa nini.